Punje Mia kwa Sarafu ya Mnyapara

Mjukuu wangu wa kike, yule anayesoma hesabu chuoni, alikuja likizo na daftari lake akanisomea swali. Sarafu isiyo na upendeleo imerushwa mara kadhaa; je, kuna uwezekano gani wa kupata kichwa? Nilikuwa nachambua choroko. Nikamuuliza, "Nani kawaambia haina upendeleo?"

"Swali ndilo linasema, bibi."

Nikamwambia swali hilo limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kunyang'anywa kitu na sarafu. Waje huku niwaulize mimi. Swali la kwanza si kichwa kitatoka mara ngapi. Swali la kwanza ni sarafu ya nani, na nani kaichagulia upande.

Alicheka sana, halafu akataka nimsimulie. Nilimsimulia, na sasa naandika kwa mkono huu huu uliojifunza kushika kalamu ukubwani, kwenye darasa la watu wazima lililokuwa ndani ya ghala la pamba. Naandika kwa sababu wanangu wakisimulia wao, wanaweka chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni na sukari vinatafutwa kama dawa. Pamba yetu upande wa Ushirombo ilikaushwa na jua misimu miwili, nikafunga mzigo nikaenda Rwamgasa kuponda mawe ya dhahabu. Mume wangu alibaki nyumbani kulinda ng'ombe watatu na heshima yake.

Wanaume walishuka mashimoni, maduara tulivyokuwa tunayaita, wengine wakavuta kamba juu. Sisi wanawake hatukuruhusiwa hata kusogelea mdomo wa duara. Walisema dhahabu inamkimbia mwanamke. Dhahabu hiyo hiyo ikishapandishwa ikiwa ndani ya jiwe, tulikuwa tunakaa juu yake kutwa nzima na nyundo, tunaiponda mpaka inakuwa unga, na sikuwahi kuiona ikiinuka kukimbia.

Pale kulikuwa na desturi. Jumamosi mchana, magunia ya mwenye duara yakishaondolewa, kilibaki chini kifusi, vipande na vumbi lililomwagika wiki nzima. Kifusi hicho kilikuwa cha wafanyakazi. Kiligawanywa mafungu mawili, moja la wavuta kamba, jingine letu waponda mawe. Mafungu hayo hayakulingana hata siku moja. Fungu moja lilikuwa na jiwe lenye kutu, lile lenye mali, na jingine lilikuwa na jiwe jeupe kama jino la mtoto, na tupu vile vile. Kwa hiyo aliyetangulia kuchagua ndiye aliyekula. Anayefuata anaosha jiwe jeupe wiki nzima anaambulia vidole vilivyochubuka.

Nani atangulie, hilo liliachiwa sarafu. Senti hamsini, upande mmoja kichwa cha Rais, upande wa pili sungura. Haikurushwa juu. Karai lilifunikwa chini, sarafu ikasimamishwa kwa ukingo juu ya kitako chake, ikazungushwa kwa vidole kama pia ya watoto mpaka ilale yenyewe. Walisema kurusha juu ni mchezo wa wahuni, mtu anaweza kudaka kwa ujanja, lakini ya karaini kila jicho linaiona. Ni kweli, macho yote yalikuwa yanaiona.

Mtunza sarafu alikuwa mnyapara wa wavuta kamba, mtu mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana na maneno yasiyoachana. Kazi yake nyingine ilikuwa kunoa patasi za wachimbaji, kwa hiyo tupa haikuondoka mfukoni mwake. Sarafu aliiweka kwenye kopo la ugoro. Tangu Jumamosi yangu ya kwanza nilimsikia akigawa pande.

"Kichwa ni chetu," alisema. "Mwanamke na kichwa wapi na wapi? Ninyi chukueni sungura, mkampike."

Wavuta kamba wakacheka. Na sisi, hilo ndilo linanichoma mpaka leo, na sisi tulicheka.

Tukashindwa. Jumamosi ya pili tukashindwa, ya tatu tukashindwa. Ya nne tukashinda, tukapiga vigelegele kama tumepata bwana harusi. Kisha tukashindwa tano mfululizo.

Sasa hapo ndipo utakapowajua watu. Wanawake kumi na mmoja tulikaa juu ya mawe yetu, na hakuna hata mmoja aliyeitazama sarafu. Tulitazamana sisi kwa sisi. Tukaanza kumtafuta mwenye mkosi, na hatukuchukua muda mrefu, maana anayetafutwa huwa yule asiye na wa kumtetea.

Alikuwa mjane aliyetoka upande wa Segese, mkono wake mzito kwenye nyundo kuliko wote, mdomo wake mwepesi kuliko manyoya. Alikuwa na mapacha wa miaka mitatu hivi, wa kike wote wawili, wakicheza pembeni ya kifusi. Kwetu huku mapacha hawazaliwi hivi hivi tu kama watoto wengine. Kuna tambiko lao, la watoto na la mama, na ndugu wa mume ndio wenye kazi hiyo. Huyu mume wake alikufa mimba ikiwa changa, ndugu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, tambiko halikufanyika. Mama wa mapacha asiyetambikiwa, wanasema, anafunga mvua. Basi wenzangu wakapiga hesabu yao: anayefunga mvua atashindwaje kufunga sarafu?

Kiongozi wetu, mama mmoja mnene aliyekuwa akianzisha nyimbo za kupondea, ndiye aliyemwambia. Alimwambia kwa upole, akimwita mayu, yaani mama, na upole wa namna ile mimi naupima sawa na kofi.

"Mayu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini sote tuna watoto."

"Na mimi ninao wawili," yule mjane akajibu.

"Ndiyo hao hao, mayu. Nenda kwenu ukatambikiwe, halafu urudi."

"Kwetu wapi? Shamba la mume wangu analima shemeji yangu. Akiniona na hawa atafunga mlango. Nyundo hii ndiyo shamba langu."

Wakamwachia Jumamosi moja. Tukishindwa tena, Jumapili asubuhi anaondoka kambini na wanawe. Ndivyo ilivyoamuliwa, na mimi nilikuwepo, nikainamia jiwe langu. Siandiki hapa ili nionekane malaika.

Siku ile ile akapita karani wa mwenye duara, kijana aliyesoma, mwenye kalamu mbili mfukoni ingawa mkono wa kuandikia ni mmoja. Alisikia kilio chetu akatabasamu.

"Mama zangu, msihangaike. Mmeshindwa mara tano mfululizo. Kwa hesabu, ya sita lazima iwe sungura. Zamu yake imefika."

"Sarafu ndiyo imekuambia?" nikamuuliza.

"Ni hesabu, mama. Huwezi kuielewa."

Maneno hayo niliyafahamu. Nilizaa wasichana wanne mfululizo, na mama mkwe wangu akaniambia kwa uhakika ule ule kwamba wa tano lazima awe wa kiume, zamu yake imefika. Wa tano akawa msichana. Wakakaa kikao kunijadili, wakasema tumbo langu limepinda. Wa sita akatoka wa kiume bila kumwomba mtu ruhusa, na wa saba msichana tena. Tumbo halikumbuki lilichozaa mwaka juzi, seuze kipande cha chuma. Na hao wasichana waliowatia watu kikaoni ndio leo wameniezekea nyumba hii kwa bati. Yule wa kiume aliniletea kalenda.

Lakini kikao kile kilinifundisha jambo la pili, na hili lilinizuia kumrukia mnyapara siku ile ile. Watano mfululizo si ushahidi. Huja wenyewe. Kama sikukubali watu waseme tumbo langu limepinda kwa sababu ya mabinti watano, nitasemaje sarafu imepinda kwa sababu ya Jumamosi tano? Ilinibidi niijaribu kama tulivyokuwa tukijaribu mbegu ya karanga. Bwana shamba alitufundisha zamani: usichukue punje moja ukailoweka, ikiota ukashangilia. Hesabu mia, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kisha uone ngapi zimetoa mzizi. Moja inadanganya, kumi zinadanganya kidogo, mia zikidanganya basi hata mwenye mbegu mwenyewe atajua.

Alhamisi nikamwendea mnyapara akinoa patasi zake.

"Shemeji, tuazime ile sarafu mpaka kesho jioni. Tunataka kuifukiza iondoke mkosi."

Alicheka mpaka tupa ikamwanguka. "Dawa? Ifukizeni, shemeji. Ipikeni na mlenda mkitaka. Jumamosi itatoa ile ile aliyoipenda Mungu."

Akanipa kopo zima. Na hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mtu mwenye bahati huiogopa dawa ya mwenzake, huificha bahati yake kama mwana. Huyu hakuogopa hata kidogo.

Ijumaa asubuhi, nyuma ya kibanda changu, nilifunika karai. Nikahesabu punje mia za mahindi ndani ya bakuli, na kulia na kushoto nikaweka vibuyu viwili. Ikianguka kichwa, punje moja kibuyu cha kulia. Ikianguka sungura, cha kushoto. Bakuli likiisha, umemaliza. Hapo huhitaji daftari wala karani. Nilimwita kiongozi wetu ashuhudie, nikamwita na mjane mwenyewe akae kwenye kigoda.

Nilianza na senti hamsini yangu, niliyoifungua kwenye pindo la kanga. Kichwa arobaini na saba, sungura hamsini na tatu. Hazikulingana, na wala sikutarajia zilingane; hata ng'ombe wawili wa mama mmoja hawalingani pembe. Zilikaribiana, basi.

Kisha ya mnyapara. Katika kumi za kwanza kichwa kilitoka mara sita. Kiongozi akaguna.

"Unaona? Sarafu haina neno. Tunapoteza muda wa watu."

"Kaa chini. Umekuja kuona mia, hujaja kuona kumi."

Bakuli lilipoisha, kibuyu cha kulia kilikuwa na punje sabini na nane. Cha kushoto zilikuwa zinacheza chini kama meno ya kizee.

Mnadhani kiongozi aliamini? Alimgeukia mjane. "Si yupo hapa? Mkosi wake umeingia karaini."

Sawa. Nikampa mjane madumu, nikamwambia achukue na wanawe aende mtoni, asirudi mpaka nimwite. Nikazungusha mia nyingine. Themanini na moja kichwa.

"Mkosi umebaki kwenye kigoda chake," akasema kiongozi, lakini sasa alikuwa akisema kama mtu anayevaa nguo iliyombana.

Nikamwita mjane, nikamkalisha mbele ya karai, nikampa sarafu yangu mimi azungushe kwa mkono wake mwenyewe, mkono ule usiotambikiwa. Kichwa arobaini na nane, sungura hamsini na mbili. Sungura wetu, mbele ya mwenye mkosi, kashinda.

"Nieleze sasa," nikamwambia kiongozi. "Ni mkosi gani huu unaoijua sarafu ya mnyapara na hauijui yangu?"

Alichukua sarafu ya mnyapara akaipitisha ukingoni kwa ukucha wa gumba, taratibu, kama anatafuta mwiba. Ukucha ukakwama upande wa sungura. Akanipa na mimi nipapase. Ukingo wa upande ule ulikuwa umelazwa kwa tupa, kidogo tu, jicho halioni. Ikizungushwa ikichoka, inalalia upande uliokatwa, sungura anakwenda chini, kichwa kinabaki juu kinatutazama.

Yule mjane alichukua madumu akarudi mtoni, maana mara ya kwanza alikuwa amekuja nayo matupu kwa haraka.

Ijumaa jioni kopo lilirudi kwa mwenyewe. Jumamosi kifusi kikagawanywa. Mwenye duara alikuwepo siku hiyo, mzee mkavu asiyependa maneno, amekaa juu ya gunia. Kabla mnyapara hajaisimamisha sarafu, nikasema leo tunabadilishana. Wanawake kichwa, wanaume sungura.

"Haiwezekani," akasema mnyapara. "Kichwa ni cha wanaume. Ni desturi."

"Unapoteza nini, shemeji? Si unasema inatoa aliyoipenda Mungu? Au Mungu wako anaangalia upande?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakutucheka sisi. Mnyapara akatazama kifusi, akatazama kopo. Mwenye duara akasema kwa uchovu, "Zungusha. Kichwa kwa wanawake. Jua linazama tukibishana."

Ikazungushwa. Ikaimba, ikayumba, ikalala. Sungura.

Yaani sungura, siku tuliyomtupa. Wavuta kamba walirusha kofia juu. Mnyapara alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa shimoni. Nyuma yangu nikasikia mwenzetu mmoja akisema, "Si tulisema? Huyu mwanamke aondoke," na mjane akainama kumwokota mmoja wa mapacha, kama ameshaanza kufunga mzigo.

Karani akanisogelea. "Nilisema zamu ya sungura imefika," akaninong'oneza. Kumbe mjinga naye huwa anapatia, ndiyo maana hafi.

Sikushtuka. Mara moja kwa tano sungura alikuwa anatoka, mwenyewe nilimhesabu kibuyuni. Nilichokiogopa ni watu kuondoka, kwa sababu watu wakishapata jibu wanalolitaka hawana shida na swali. Nikaenda nikasimama mbele ya mwenye duara na bakuli langu.

"Shikamoo, mzee. Mimi sikuja na mara moja. Nimekuja na punje mia. Zungusha wewe mwenyewe, karani wako ahesabu. Ikitoka nusu kwa nusu, au karibu yake, nitaondoka mimi badala ya yule mama, na fungu letu chukueni lote."

"Marahaba. Na isipotoka?"

"Macho unayo, mzee."

Akashuka kwenye gunia. Nadhani alitaka tu kunikomesha. Alizungusha, karani akatia punje huku amekunja uso kama ananusa samaki. Kwa ishirini za kwanza watu walikuwa wakitania. Kufika ya arobaini kelele zilipungua. Ya sitini, wavuta kamba wenyewe walianza kumtazama mnyapara, maana na wao si wote walikuwa wakijua; wengi walikuwa wanaume tu, wanadhani wanashinda kwa sababu ni wanaume. Punje ya mwisho ilipoingia, karani alihesabu kibuyu cha kulia mara mbili. Sabini na tisa.

Nikampa mzee senti hamsini yangu aendelee. Alizungusha hamsini hivi akaacha, haikuwa na haja. Akaichukua ya mnyapara, akaipapasa ukingo.

"Mnyapara. Nipe tupa yako."

Mnyapara akatia mkono mfukoni, akausahau humo humo.

Hakupigwa. Siku ile ile alishushwa unyapara akapewa kamba avute kama wengine, na sisi tukachagua kwanza. Sarafu mwenye duara alimpa mjane aiponde. Aliiweka juu ya jiwe lake, nyundo tatu, ikawa kama ganda la mbegu ya boga, hakuna sungura wala Rais.

Utadhani wenzangu walijifunza. Jumapili, siku aliyokuwa afukuzwe mwenzao, walikwenda na kuku kumshukuru mganga wa kambini, eti kwa dawa iliyoifungua sarafu. Dawa gani? Hatukufukiza hata jani. Kiongozi wetu alikuwepo, ukucha wake ndio uliopata mkato, naye akaenda, akabeba kuku yeye. Karani aliwasimulia watu kwa miezi jinsi alivyoigundua sarafu kwa hesabu.

Jumamosi iliyofuata tulitumia senti hamsini yangu, kichwa kwetu. Tukashindwa. Iliyofuata tena tukashindwa, kwa haki kabisa, kama watu. Tulikaa chini na jiwe letu jeupe, na nikaona shingo moja inaanza kugeuka taratibu kuelekea kwa mjane, halafu ya pili.

Mjane naye aliziona. Aliweka nyundo chini, akainuka, akaenda kibandani kwangu bila kuniuliza. Alirudi na bakuli la mahindi na vibuyu viwili, akavipanga mbele ya yule wa kwanza kugeuka.

"Hesabu, mayu," akamwambia.

Yule mama alitazama bakuli, akatazama jua lilipofika. Akachukua nyundo yake, akaendelea kuponda.